Mji Uliohamia Ghorofani

Siku tuliyomuaga marehemu Madam Kaur nilikula dengu na chapati nikiwa nimeketi sakafuni, kitambaa kichwani, katika ukumbi wa hekalu la Masingasinga hapa Kisumu. Ukumbi ulijaa kelele za sahani za chuma na za watu ambao hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Wanafunzi wake wa taipu walikuwepo, wanawake wa rika langu na wakubwa kuliko mimi, na ungewatambua bila kuuliza: migongo wima, viwiko karibu na mbavu, vile alivyotufundisha. Mimi nilikuwa namtafuta mtu mmoja. Nilimwona upande wa pili wa ukumbi, ameshika ndoo ya dengu kwa mkono mmoja na upawa kwa mwingine, anagawa chakula pamoja na wenyeji wa hekalu kana kwamba amezaliwa humo. Alikuwa Risper. Mvi zilikuwa zimemshika mbele tu, juu ya paji la uso. Aliponiona aliweka ndoo chini akaanza kunipa habari kwa mikono, kutoka mbali, juu ya vichwa vya watu wote: alifika jana, amelala kwa dada yake Nyamasaria, na je, nimezileta disketi? Nikamjibu kwa mikono kwamba ninazo. Mama aliyeketi karibu nami aliacha kutafuna, akatazama mikono yangu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule ni ndugu yangu. Nilimwambia kwamba tulifanya kazi chumba kimoja, mwaka ambao gugumaji lilifunga ghuba.

Disketi zenyewe nilipewa juma moja kabla, na mpwa wake Madam, aliyekuwa akiondoa vitu ghorofani kabla jengo halijauzwa. Zilikuwa saba, ndani ya kopo la biskuti, na chini yake palikuwa na madaftari kumi na mawili ya mistari, yamefungwa kwa kamba ya sisali. Nimefanya kazi ya kuandika habari karibu maisha yangu yote, na nimeandika habari za watu wengi ambao siwakumbuki tena. Ya chumba kile sijawahi kuiandika.

Chumba kilikuwa juu ya duka la rangi na mabomba, na ukipanda ngazi uliacha harufu ya tapentaini chini ukaikuta ya tangawizi juu. Kabla ya hapo kilikuwa chuo cha taipu. Mashine za zamani bado zilipangwa ukutani, zimefunikwa vitambaa kama ndege wa kufugwa nyakati za baridi. Katikati, juu ya meza tatu, Madam Kaur alikuwa ameweka kompyuta tatu, na mbili kati yake zilikuwa na laini ya simu. Watu walikuja kuandikiwa barua za kazi, kupokea barua pepe kutoka kwa watoto walioko ng'ambo, kuchapishiwa programu za harusi na za mazishi. Mimi, Akinyi, nilikuwa na miaka ishirini, nakaa chumba cha kupanga Kaloleni, na kazi yangu ilikuwa kupokea wateja. Madam alikuwa mwembamba, amezaliwa mjini humuhumu, na alisema Kiswahili cha kwao na Kijaluo cha kwetu bila kuona haya katika lugha yoyote. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilihusu wateja waliotoka moja kwa moja kwenye vibanda vya samaki kule ufuoni: "Samaki hapana panda ngazi." Ya pili ilihusu simu. Laini ilikuwa ghali na ilikatika ovyo, kwa hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuunganishwa kabla hajaandika kwenye karatasi yote anayotaka kusema. "Karatasi kwanza, laini baadaye," alisema, akigonga meza kwa penseli. "Laini ni ya kusema. Kufikiri, fikiria kwa daftari."

Mpiga taipu wetu alikuwa Risper, msichana wa Kendu Bay, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Alipoteza kusikia akiwa mdogo, akasoma shule ya viziwi, na Madam alimchukua baada ya kumwona akichapa ukurasa mzima akitazama dirishani. Hapakuwa na mwenye vidole vya kasi kama vyake mtaa ule wote. Lakini wateja walimzunguka kama wanavyozunguka nguzo. Mtu alisimama mbele yake kabisa, akageuza shingo kwangu, akasema, mwambie huyu bubu arudie mstari wa pili. Nami nilimwambia, kwa ishara chache nilizozijua wakati ule: chai, laini, njoo, mteja, mjinga. Ile ya mwisho alinifundisha yeye, na tuliitumia kila siku.

Mteja aliyekaa sana kuliko wote alikuwa Bwana Onyango, karani wa bandarini, mtu wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Gugumaji lilikuwa limejaa maji yote hadi meli zikawa kama zimeoteshwa hapo, na karani wa mizigo bila mizigo hana la kufanya. Alipiga ripoti ofisini asubuhi, akala samaki, akaja kwetu. Madam alimkatia kipande cha ndimu mlangoni ili anawe vidole kabla ya kugusa kibodi, na kila siku alinawa, na kila siku alinukia samaki vilevile. Ndiye aliyeuleta Mji.

Mji ulikuwa mchezo wa kompyuta, lakini haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, sisi tuliuita Mji. Uliandika "nenda sokoni", na baada ya muda skrini ikakuandikia soko likoje, nani anauza nini, mbwa gani amelala wapi. Na kama kulikuwa na mtu mwingine sokoni wakati huo, labda ameketi chumbani kwake Ulaya au Amerika, ulimwona kwa jina alilojipa, ukamwandikia, naye akakuandikia. Hukwenda kushoto wala kulia, kaskazini wala kusini. Ulitaja kile ulichokiona, daraja au lango au gati, ukafika. Yote hayo yaliendeshwa na kompyuta moja, seva, iliyokaa katika chumba cha chuo fulani ng'ambo, na kijana aliyeitunza hatukumjua kwa sura. Saa ya chakula cha mchana, wateja walipopungua, Bwana Onyango aliketi kwenye kompyuta ya dirishani akawa Jemedari, mwenye upanga. Madam alimpa Risper nusu saa hiyohiyo kwenye kompyuta ya nyuma, kama malipo ya kazi za ziada alizolichapia kanisa. Na Risper akawa Daraja.

Nilikuwa mtu pekee niliyeweza kuona skrini zote mbili. Kutoka kauntani niliona mgongo wa Bwana Onyango na mgongo wa Risper, hatua tano kati yao, kila mmoja akitazama ukuta wake, na niliona maneno ya mmoja yakitokea kwa mwingine. Daraja alikuwa mlinzi wa daraja kuu la Mji, cheo alichochaguliwa na wachezaji wenzake, na hakuna aliyevuka bila kujibu kitendawili chake. Alikuwa na ulimi mkali. Wageni wa nchi mbalimbali walipanga foleni ili wadhihakiwe naye. Jemedari alimheshimu kuliko mtu yeyote pale, na alituhadithia kwa sauti, akigeuza kiti, jinsi Daraja alivyosema hivi, alivyomjibu yule vile. "Huyo ni mzee," alituambia siku moja. "Profesa. Pengine Mskoti." Nikamuuliza amejuaje. "Namna anavyonidharau," akasema. Risper alikuwa anafuta vumbi kwenye printa, mgongo kwetu. Alikuwa amenisihi kwa maandishi nisiseme. Kwenye daftari lake aliniandikia kwamba katika Mji hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye kupitia kwa mtu mwingine, na kwamba akijulikana, hilo litakwisha. Nikanyamaza.

Kuna tukio moja ambalo lazima nilieleze hapa, kwa sababu litarudi. Siku moja Jemedari alivuka daraja akiwa peke yake, akatokewa na bata bukini watatu. Bata bukini wa Mji walikuwa wakali. Jemedari alitimua mbio, upanga ukamponyoka ukaanguka majini chini ya daraja. Bwana Onyango alizima skrini, akasema laini imekatika, akaenda zake bandarini. Hakutuhadithia hilo kwa sauti. Aliyeliona ni Daraja tu, na mimi, niliyejifunika uso kwa kitabu cha risiti.

Mvua kubwa za mwaka ule ziliua laini za simu za mtaa mzima kwa karibu majuma matatu. Zilipofufuka, Bwana Onyango aliandika anwani ya Mji na kompyuta ikamjibu kwamba hapo hapana kitu. Akajaribu tena siku iliyofuata na iliyofuata. Hatimaye tukaikuta barua pepe iliyokuwa ikitungoja muda wote huo: yule kijana alikuwa amemaliza masomo, chuo kilitaka mashine yake, wachezaji walipewa siku kumi za kuagana. Siku kumi hizo sisi tulikuwa tunachota maji ya mvua ngazini kwa ndoo. Waliokuwa ng'ambo waliagana darajani, barua ilisema, na wote waliuliza Daraja yuko wapi.

Risper aliisoma barua ile mara moja tu. Akarudi mezani akamaliza kuchapa programu ya mazishi aliyokuwa ameianza, bila kosa. Jioni, tulipokuwa tunafunga madirisha, aliniandikia kwamba mwisho wa mwezi anarudi Kendu, dada yake mwingine ana cherehani mbili na anahitaji mtu. Nikamwandikia kwamba ana kazi nzuri hapa. Jibu lake ninalo mbele yangu sasa, kwa sababu liko katika daftari la tisa, nyuma ya jalada. Ameandika: "Kazi ninayo. Sina mtu wa kusema naye." Niliumia, kwa kuwa nilidhani mimi ni mtu huyo. Baadaye nilihesabu ishara nilizozijua nikaona ana haki.

Nilimwambia Madam Kaur. Madam alimwambia Mwalimu Tobias, aliyefundisha hesabu katika shule ya sekondari na kuja kwetu Jumamosi kuchapa mitihani, mtu mpole mwenye suruali yenye chaki, aliyejifunza kuandika programu kutoka kwa kitabu kimoja kisicho na jalada. Tobias alisikiliza, akauliza mchezo huo ulikuwa unafanya nini hasa, hatua kwa hatua. Akaniuliza kama kuna mtu aliyeandika vyumba vyake vilikuwaje. Ndipo Risper, aliyekuwa akisoma midomo yetu kutoka mezani kwake, alipoinama, akafungua droo ya chini, akatoa madaftari kumi na mawili. Sheria ya Madam ilikuwa karatasi kwanza, naye alikuwa ameifuata kuliko sisi wote. Kila mahali pa Mji palikuwamo, maneno kwa maneno, kila soko na ngazi na kisima, kila kitu alichokusudia kusema na alichojibiwa. Tobias aliyapekua akiwa amesimama, kwa muda mrefu. "Mwenye nyumba amevunja nyumba," alisema, "lakini huyu dada ana picha ya kila chumba. Seva ni mashine tu. Tutaijenga hapa."

Madam alitupa Jumapili alasiri, saa ambazo ofisi ilikuwa imefungwa. Nazikumbuka Jumapili zile kuliko sikukuu zozote za maisha yangu. Tobias alivuta waya mmoja kutoka kompyuta hadi kompyuta, ukipita chini ya zulia, ili zote tatu zisemezane bila simu. Risper alichapa maelezo ya vyumba. Mimi nilimsomea Tobias mahali gani panafuata mahali gani. Madam alikuja kutoka hekaluni na chapati zilizojazwa viazi, zimefungwa kwa gazeti, akamwita kila aliyechelewa kula, "Bi ichiem", njoo ule, halafu akaketi kwenye mashine ya taipu ya zamani akisikiliza. Bwana Onyango, ambaye hakujua kupanga programu wala kuchapa kwa vidole zaidi ya viwili, alijipa cheo cha mchora ramani. Tobias alihitaji ramani, kwa sababu njia pekee aliyoijua ya kupanga mahali ndani ya kompyuta ilikuwa karatasi ya miraba, kila mraba na pande nne. Bwana Onyango alichora nyuma ya fomu za mizigo za bandari, kwa wino wa rangi mbili, akieleza kwa sauti ubaya wa serikali ya Mji na jinsi yeye angeuendesha. Risper naye alikuwa na ramani ndogo ndani ya jalada la daftari la kwanza. Tobias alichukua nusu ya huku na nusu ya huku, akajaza miraba yake.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ikafika. Mfuko wa safari wa Risper ulikuwa chini ya meza yake, umefungwa. Angeondoka Jumatatu asubuhi. Alikuja kumaliza kurasa zilizobaki kwa kuwa hakuwahi kuacha kazi nusu, lakini hakuwa na matumaini nayo, na nilijua kwa nini. Mji wa zamani ulikuwa na wageni wa dunia nzima. Huu ungekuwa na watu wa chumba kile, waliomjua tayari, na waliokwisha kuamua yeye ni nani.

Tobias aliwasha. Bwana Onyango akaketi dirishani, akawa Jemedari, akaandika "nenda sokoni". Na soko likaja, na mbwa akiwa amelala palepale. Madam alipiga makofi mara moja. Jemedari akaandika "nenda gati", akajikuta juu ya kilima. Akashuka kilima akajikuta ndani ya maji. Akatafuta daraja, akalikuta limesimama nchi kavu, nyuma ya machinjio, halina mto. Tobias alivua miwani akaweka ramani mbili kando kwa kando, na hapo ndipo tulipoona. Katika ramani ya Bwana Onyango maji yote ya Mji yalikuwa kushoto. Katika ramani ya Risper yalikuwa juu. Hakuna aliyekuwa ameandika kaskazini iko wapi, kwa kuwa kila mmoja aliona haina haja: nani asiyejua ziwa liko upande gani?

Bwana Onyango alisema maji yako magharibi, na asiyejua na asimame bandarini jioni atazame jua linaingia wapi. Risper alinionyesha kwa mikono, polepole ili nisikosee: ukisimama mlangoni kwa mama yangu, ziwa liko mbele yako, na jua la asubuhi linakuja kutoka mkono wa kulia. Nikawatafsiria. Tobias akasema basi kwake maji yako kaskazini. Bwana Onyango akageuza shingo kwangu. "Mwambie," alisema, "kwamba huo ni ukweli wa Kendu. Mimi nimetembea katika Mji ule miezi saba. Angekuwepo Daraja angetuamulia, yule alijua kila jiwe. Lakini Daraja ni mtu wa ng'ambo, na amekwisha kutupotea."

Sikumtafsiria Risper maneno hayo. Hakuhitaji. Alikuwa ameyaona mdomoni mwa Bwana Onyango. Alitazama mfuko ulio chini ya meza, halafu akavuta kiti hadi kompyuta ya nyuma, akaweka viwiko karibu na mbavu, akaanza kuchapa. Kwenye skrini ya dirishani mistari ilitokea mmoja mmoja. Waliandikiana kwa Kiingereza, nami nayaweka kwa Kiswahili.

"Daraja amefika."

"Jemedari, maji yako kaskazini."

"Upanga wako uko chini ya daraja, ulipouangusha ukiwakimbia bata."

Bwana Onyango alitazama mlango kwanza, kama mtu anayetazamia Mskoti aingie. Akamtazama Tobias, mikono yake haikuwa kwenye kibodi. Akanitazama mimi. Halafu akageuka na kiti chote, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kupanda ngazi zile akamtazama Risper bila kupitia kwangu. Risper hakugeuka. Aliendelea kutazama skrini yake, akingoja. Madam alikuwa ameshika kipande cha chapati hewani. Niliona mdomo wa Bwana Onyango ukifunguka kuzungumza, nikaogopa kwamba atazungumza, na kwamba atazungumza nami. Akaufunga. Akageuza kiti chake ukutani tena, akaweka vidole vyake viwili kwenye kibodi.

"Kwa nini hukuniambia?" akaandika.

"Hukuniuliza. Ulikuwa ukimuuliza Akinyi."

Kidole kimoja cha Bwana Onyango kilitafuta herufi muda mrefu.

"Nimekaa nyuma yako miezi saba."

"Najua. Samaki hapandi ngazi, ila wewe."

Tobias alisoma hilo kwa sauti kwa ajili ya Madam, na Madam alicheka hadi akalazimika kuishika mashine ya taipu. Bwana Onyango naye alicheka, na mabega ya Risper yakatikisika, na nikatambua kwamba watu wanne walikuwa wakicheka mzaha mmoja kwa wakati mmoja, na aliyeutunga alikuwa mmoja wao. Waliandikiana hivyo, hatua tano kati yao, mpaka mwanga wa dirishani ulipogeuka manjano. Mimi sikuwa na la kutafsiri. Nilikusanya vikombe nikavisafisha. Bwana Onyango aliponiuliza ngazini kama nilijua muda wote, nikasema ndiyo, hakunisemesha hadi Jumatano.

Tobias alichora upya miraba yote, maji yakiwa juu. Jumatatu asubuhi Risper alikuwa mezani kwake. Mfuko wa safari ulikaa pale chini majuma kadhaa bila kufunguliwa, mwishowe akautoa nguo, akautumia kubebea madaftari. Jemedari hakuwahi kuupata upanga wake. Daraja alimkataza kata kata Tobias asimwekee mwingine.

Makarani wengine wa bandari wasio na meli walianza kuja Jumapili, kisha wauguzi wawili, kisha wanafunzi wa Tobias. Kila aliyeingia alipewa daftari na Madam, aandike kwanza. Gatini pakaongezwa wauza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Usenge, maneno ya Kijaluo yakaingia sokoni, na mwalimu kutoka shule ya viziwi akaleta watoto wanane waliojazana kwenye kompyuta tatu na kutupiana matusi ya kufurahisha katika Kiingereza kibovu, wakiulizwa vitendawili na mlinzi wa daraja aliyeketi palepale mbele yao. Wateja wa siku za kazi nao wakabadilika kidogo kidogo. Aliyekwisha kudhihakiwa na Daraja siku ya Jumapili hakuweza tena, siku ya Jumanne, kumpitia kama nguzo. Walisimama mbele ya meza yake, wakachukua penseli. Mimi nilijifunza ishara kwa bidii, kwa aibu ya kuachwa nyuma na karani wa mizigo, ambaye alikuwa amemwomba Risper amfundishe na aliyekuwa akizifanya zote vibaya, kwa mikono mikubwa, kama mtu anayefunga kamba za meli.

Mwishoni mwa mwaka huo, gugumaji lilipoanza kusukumwa na upepo na meli ya kwanza kupiga honi, Tobias aliwaandikia wachezaji wa zamani ambao anwani zao zilikuwa katika madaftari, akawatumia disketi kwa posta. Mmoja alijibu. Alisema ameuwasha Mji huko kwake na amelia kuona mbwa wa sokoni. Ila alikuwa na swali. Mji wa kwanza haukuwa na kaskazini, aliandika, hakuna aliyejua bahari iko upande gani, sisi tulijuaje? Tobias alituletea barua hiyo na miwani mkononi. Bwana Onyango aliisoma mara mbili, akamtazama Risper, akacheka peke yake. Tulishauriana kama turekebishe. Risper aliandika kwenye daftari la kumi na mbili, mstari wa mwisho kabisa, kwamba tusiguse kitu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye kopo la biskuti. Risper anafundisha kompyuta katika shule ya viziwi siku hizi, na anazitaka disketi kwa sababu Mji wanaoucheza wanafunzi wake umenakiliwa mara nyingi mno, anataka kulinganisha na wa kwanza.

Nilikuwa nimebaki na dengu kidogo katika sahani Bwana Onyango alipoingia ukumbini, amechelewa, mkongojo mkononi, kalamu mbili bado mfukoni. Masikio yake yamechoka sana sasa. Kijana mmoja wa hekalu alimwinamia akamuuliza kama aletewe kiti, akamuuliza tena kwa sauti kubwa, halafu akageuka kwangu, kwa kuwa nilikuwa karibu, akasema, Mama, muulize Mzee kama anataka kiti. Nilimwonyesha kijana ng'ambo ya ukumbi. Risper alikuwa amekwisha kuweka ndoo chini, amemwona, na mikono yake ilikuwa juu: kiti au sakafu? Sakafu, alijibu Bwana Onyango kwa ile mikono yake ya kufunga meli, na unipe dengu nyingi. Kisha, akiwa bado amesimama, akamuuliza jambo lingine, swali ambalo nadhani wamekuwa wakisalimiana nalo miaka yote hii. Maji yako upande gani? Risper aliinua upawa kutoka ndooni, ukidondosha dengu, akaelekeza juu.